Boti ya rimoti inadundadunda? Anza na betri

Tuseme umetoka Mutuka na boti yako ya rimoti hadi Ziwa Babati. Ikipinduka katikati huifuati, lile ziwa lina viboko! Sasa, ikishika kasi tu, pua inadundadunda. Usikimbilie kulaumu mota. Kwenye kasi boti haielei tu. Maji yanayogonga tumbo lake yanaiinua, inateleza juu yake. Uzito ukikaa nyuma mno, pua inapanda, inaanguka, inapanda tena. Sogeza betri mbele sentimita moja, ujaribu karibu na ukingo. Ukizidisha, pua inachimba maji na kwenye kona mkia unachomoka. Mabaharia wa Lamu wanaujua mchezo huu wa uzito: kwenye mashindano ya mashua betri ni wao wenyewe, wamekaa kwenye ubao uliotokeza upande wa upepo.