Maana Bila Matumizi Haitoshi

Tunapokuza msamiati wa ngazi ya juu, kukariri maana hakutoshi. Matumizi nayo yajulikane. Tuchukue vitenzi kusherehekea na kuadhimisha. Kusherehekea ni kufanya sherehe kwa furaha: arusi, ushindi, sikukuu. Kuadhimisha ni kukumbuka kwa heshima jambo kubwa, liwe la furaha au la msiba. Kila tarehe 7 Aprili, Rwanda huadhimisha kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwanafunzi akiandika "husherehekea", sarufi yake ni sahihi, lakini atatonesha vidonda vya wafiwa. Kwa hiyo, walimu wenzetu, kila neno jipya tulifundishe kwa sentensi mbili: moja linapofaa, nyingine lisipofaa. Wanafunzi nao waziandike daftarini pamoja na maana.