MAMA, KWA NINI KUPASULIWA?

Mama, wengi wenu mnazaa vizuri. Lakini pengine munganga anasema: "Tutapasua tumbo." Usikimbie. Sikia kwanza sababu.

Mtoto amelala kwa upande. Ao kichwa chake hakipiti katika mifupa ya kiuno. Ao kondo la nyuma limefunga mlango, damu inatoka. Ao kamba ya kitovu imetangulia. Hii si laana, wala si kosa la mama. Usibaki nyumbani siku mbili na uchungu ukinywa dawa za miti: kizazi kitaweza kupasuka, na mama na mtoto wakufe.

Kupasuliwa nako kuna hatari: damu nyingi, homa, kidonda kutoka usaha. Ndiyo maana hatupasui bure. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema hakuna jimbo lenye sababu ya kupasua zaidi ya mama 10 mpaka 15 katika 100.

Sasa, mama uliyepasuliwa: kidonda cha inje kimepona, lakini kovu iko ndani ya kizazi. Wakati wa uchungu wa mimba nyingine inaweza kupasuka. Basi ngoja miaka 2 mbele ya kubeba mimba tena. Chunga fishi yako. Mwezi wa nane ukiisha, kuja ukae karibu na hospitali. Hapa Sandoa wakati wa mvua njia ni mbaya, na uchungu haungoji njia ikauke.

Baba, wewe pia usome.