Anayekesha Ukiwa Umelala

Jumapili hii naanza na ungamo langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipangiwa upasuaji wa ngiri. Niliambiwa nisile wala kunywa chochote baada ya chakula cha usiku, nami nikaitikia. Lakini saa kumi na moja alfajiri niliamka parokiani kama kawaida yangu, nikasali Masifu ya Asubuhi, kisha mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya chai. Nikanywa kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Nilipokumbuka katazo, kikombe kilikuwa kitupu.

Ilipokaribia saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya chumba cha upasuaji. Akaja muuguzi, mama wa makamo, faili mkononi.

“Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Mimi ndiye nitakayekupa usingizi leo.”

“Milele na milele, amina.”

Akaniuliza kama nina pumu, presha au kisukari; dawa ninazotumia, zikiwemo za mitishamba; kama nimewahi kulazwa kwa nusu kaputi; kama nina jino linalolegea. Kisha akauliza: “Umekula au kunywa chochote tangu jana usiku?”

Nikajibu, “Hapana.”

Hakuandika. Alinitazama kwa upole, akauliza tena: “Hata chai, Baba? Hata maji?”

Msomaji wangu, mimi ambaye kila Jumamosi huketi kitubioni kusikiliza watu wakisema ukweli wao, nilikuwa nimedanganya kwa sababu ya aibu ya kikombe cha chai. Nikamwambia kweli. Nikaanza na kuomba radhi, lakini akanikatiza huku akitabasamu: “Hiyo utaungama baadaye, Baba. Sasa hivi mimi nahesabu saa.”

Akaingia ndani kumwambia daktari kwamba upasuaji wangu hauwezi kuanza. Nilisikia daktari akilalamika kwamba ratiba itavurugika. Muuguzi hakupandisha sauti, wala hakurudi nyuma. Mgonjwa mwingine akatangulizwa. Mimi niliingia saa saba mchana.

Kwa nini kikombe cha chai kiwe jambo kubwa hivyo? Nilielezwa baadaye. Ukiwa macho, au hata ukilala nyumbani, mwili wako unailinda njia ya hewa. Kitu kikipotea njia kooni, unakohoa. Dawa za nusu kaputi huulaza hata ulinzi huo. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni bila wewe kukohoa, na mtu akafa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kwa kawaida hutakiwa kupita saa sita tangu mlo mwepesi au maziwa, na saa mbili tangu maji matupu. Mlo mzito huhitaji muda zaidi. Kufunga huku hakuna thawabu kama ya Kwaresima, lakini ukikuvunja na kuficha, unaweza kulipa kwa uhai wako.

Ndugu msomaji, tukipona tunamshukuru Mungu, halafu tunamshukuru daktari aliyepasua. Ni watu wangapi kati yetu wanaolijua jina la yule aliyekaa karibu na kichwa chetu muda wote? Kwetu Tanzania madaktari bingwa wa usingizi ni wachache, na wengi wako katika hospitali kubwa za mijini. Ukienda wilayani, ukifika hospitali ya misheni kule ambako lami imekwisha, mara nyingi anayekulaza na kukuamsha ni muuguzi au tabibu aliyesomea kazi ya usingizi.

Nasema aliyesomea, kwa sababu wapo wanaodhani ni kuchoma sindano tu. Kwanza anakuwa muuguzi kamili mwenye leseni, aliyekwisha kuhudumia wagonjwa wodini. Ndipo anarudi darasani. Anajifunza upya moyo na mapafu, na jinsi kila dawa inavyofanya kazi, kiasi gani kwa uzito gani. Anajifunza kuingiza mrija kooni mwa mtu asiyepumua, kuchoma sindano ya ganzi mgongoni kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, na kumlaza mtoto mchanga ambaye kosa dogo la kipimo kwake ni kubwa. Anajifunza kuikagua mashine kabla ya kuiamini, na kujua la kufanya umeme ukikatika au oksijeni ikipungua. Kisha hufanya kazi hiyo chini ya macho ya waliomtangulia, mpaka aaminiwe.

Historia ya kazi hii inagusa Kanisa letu moja kwa moja. Dawa ya etha ilipoonyeshwa hadharani kule Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, maumivu ya kisu yalipata mshindi, lakini hatari mpya ikazaliwa: wagonjwa wengine hawakuamka. Kazi ya kutoa dawa ilikuwa ikiachiwa yeyote aliye karibu, mara nyingi daktari mwanafunzi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kisu kuliko kwa mgonjwa. Madaktari wakatafuta mtu ambaye hatatazama kitu kingine ila mgonjwa. Wakawageukia wauguzi, na wengi wa hao walikuwa masista. Muuguzi wa kwanza anayejulikana kujikita katika kazi hii ni Sista Mary Bernard, wa Hospitali ya Mtakatifu Vincent mjini Erie, Pennsylvania, mwaka 1877. Baadaye, katika Hospitali ya Mtakatifu Maria mjini Rochester, Minnesota, iliyoanzishwa na Masista Wafransisko, muuguzi Alice Magaw aliwalaza wagonjwa kwa kudondosha dawa tone kwa tone, huku akizungumza nao kwa upole mpaka wasinzie. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 bila hata mmoja kufa kwa sababu ya usingizi. Leo hukohuko Marekani, muuguzi anayeanza masomo haya anatakiwa awe amefanya kazi na wagonjwa mahututi kwa angalau mwaka mmoja, kisha asome hadi ngazi ya udaktari wa taaluma.

Wapo waumini walioona kwamba kuondoa maumivu ni kushindana na mapenzi ya Mungu. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh, aliyeanza kutumia klorofomu mwaka 1847, aliwajibu kwa kitabu cha Mwanzo, sura ya pili: Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kutwaa ubavu wake, kisha akapafunika mahali pale kwa nyama. Na tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akijibu maswali ya wataalamu wa usingizi, alifundisha kwamba Mkristo anaruhusiwa kupokea dawa za kuondoa maumivu. Basi usione haya kumwomba muuguzi akupunguzie uchungu.

Lakini mimi nimelitafakari zaidi lile neno kukesha. Zaburi ya 121 inamwimba Mlinzi wa Israeli asiyesinzia wala kulala. Kule Gethsemane, Bwana wetu aliwaomba rafiki zake jambo moja tu, wakeshe pamoja naye, na hata saa moja iliwashinda. Muuguzi wa usingizi ameajiriwa kwa ajili ya saa hiyo. Kidole chako kimebanwa na kifaa kinachopima oksijeni, naye anasikiliza mlio wake hata akiwa anaandika. Anahesabu mapigo ya moyo, anapima presha, anatazama rangi ya midomo yako. Dawa kali kama mofini anazitunza kwa kufuli na kuziandikia hesabu. Haondoki mpaka umeamka, unapumua mwenyewe, na umekabidhiwa kwa mwenzake. Na kabla ya yote hayo, ana wajibu ule niliouona mlangoni: kusema “ngoja” wakati watu wenye cheo kuliko yeye wanataka kuendelea. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limetoa orodha ya mambo ya kuhakiki kabla ya mgonjwa kulazwa, kabla ya kisu kushika ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Karatasi hiyo ni nzuri, lakini karatasi haina ujasiri. Ujasiri ni wa mtu.

Jioni ile alikuja wodini kuniona. Nikamuuliza kama anakwenda kupumzika. Akasema hapana, usiku uliopita aliitwa mara mbili kwa kina mama waliokwama katika uchungu, na usiku huo pia zamu ni yake. Hospitali ilikuwa na wauguzi wawili wa usingizi, na mwenzake alikuwa masomoni. Ada ilipatikana. Wa kushika nafasi yake hakupatikana. Nililala nikiwaza: huyu anayekesha kwa ajili yetu sote, nani anamkeshea yeye?

Kwa hiyo, ndugu yangu, nakuomba mambo matatu. Kwanza, ukiulizwa na muuguzi huyu, sema kweli. Mwambie kuhusu chai, pombe, sigara, dawa ya mganga uliyokunywa kwa siri, na mimba ambayo hujamwambia mtu. Hakuulizi akuhukumu. Pili, muulize jina lake, na ukipona rudi umshukuru, kama yule mmoja kati ya wakoma kumi. Tatu, sisi tulio katika halmashauri za walei na bodi za hospitali za Kanisa, tunapojadili rangi ya jengo na jiwe la msingi, tuulize pia: tuna wauguzi wangapi wa usingizi? Nani anakwenda kusoma mwaka huu, na nani atashika zamu yake? Harambee ya kumsomesha muuguzi mmoja haina utepe wa kukata. Lakini usiku mmoja, binti yako atapelekwa pale katika uchungu wa uzazi, naye atahitaji mtu aliyefundishwa, na ambaye hajachoka kupita kiasi.

Wiki hii nakuomba usali Salamu Maria moja kwa ajili ya wanaokesha katika vyumba vya upasuaji. Mungu asiyelala awatie nguvu, awape wenzao wa kupokezana nao, na akubariki wewe na nyumba yako. Amina.