Fizi na Baraka: ngozi nyeupe ya nyuma ndiyo inayoamua umri wa paneli ya sola

Katika mji wa Baraka na vijiji vingi vya teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, umeme wa nyumbani unatoka juu ya bati. Paneli za sola, ambazo wengi huziita plake, ndizo zinazowasha taa usiku, kutia moto simu, kujaza batri za taa za wavuvi wa ndagala na, kwenye vituo vya afya, kuendesha friji za chanjo. Mnunuzi akifika dukani huuliza mambo mawili: ni wati ngapi, na bei gani. Wachache wanaigeuza paneli kutazama mgongo wake.

Hata hivyo, mgongo huo una neno la mwisho. Ile ngozi nyeupe ya plastiki ina unene wa karibu milimita 0.3, sawa na karatasi tatu za daftari zilizopangwa pamoja. Ikipasuka, paneli inaanza kufa hata kama kioo cha mbele bado kinang'aa.

Matabaka matano

Paneli ya kawaida imepangwa kwa matabaka. Mbele kuna kioo. Chini yake kuna gundi inayoonyesha, kisha vipande vya silikoni vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, kisha gundi tena, na mwisho ni ngozi ya nyuma. Ngozi hiyo inazuia unyevu usiingie, inazuia umeme usivuje, na inatakiwa kuvumilia jua na mvua kwa miaka 25, muda ambao viwanda vingi huahidi.

Sehemu kubwa ya ngozi hiyo ni poliesta, plastiki ileile ya chupa za maji na soda. Poliesta ni imara na bei yake ni nafuu, lakini ina adui wawili. Miale mikali ya jua huigeuza rangi ya manjano na kuifanya ikauke na kukatika. Joto likikutana na unyevu, maji hukata minyororo ya plastiki hiyo kidogo kidogo.

Ndiyo sababu viwanda vingi huivika poliesta utando mwingine mwembamba, wa plastiki za jamii ya floropolima. Utando huo mara nyingi una unene wa karibu milimita 0.03 tu. Aina mbili zinazojulikana zaidi ni PVF, ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1961 kwa jina la Tedlar, na PVDF, inayojulikana pia kwa jina la biashara la Kynar.

Ndugu wa tefloni

Jamii hii si ngeni Baraka. Fundi bomba anapofunga robine, huzungusha kwanza utepe mweupe kwenye meno ya bomba ili maji yasivuje. Utepe huo ni tefloni, nayo ni floropolima. Iligunduliwa kwa bahati tarehe 6 Aprili 1938 na mwanakemia Roy Plunkett wa DuPont. Chupa yake ya gesi iligoma kutoa gesi. Ilipokatwa, ndani palikutwa unga mweupe unaoteleza. Leo tefloni hiyohiyo hupakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula.

Siri yake ni ndoa ya kaboni na florini. Kifungo kati ya elementi hizo mbili ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu zaidi katika kemia ya kaboni, na miale ya jua inayofika ardhini inashindwa kukivunja kwa urahisi. Asidi kali, mafuta na chumvi navyo huishika kwa shida. Tefloni haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 327 za Selsiasi.

Florini yenyewe huchimbwa ardhini ndani ya jiwe liitwalo floraiti. Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mgodi mkubwa wa jiwe hilo, kwenye bonde la Kerio nchini Kenya, ambao ulisimamisha kazi mwaka 2016 baada ya bei kuanguka kwenye soko la dunia.

Uwanja wa Bayern, vidonge na batri

Kazi za tando hizi ni nyingi. Wapenzi wa mpira wanaufahamu uwanja wa Allianz Arena wa Munich, uliofunguliwa mwaka 2005. Ukuta wake unaobadilika rangi usiku si kioo. Ni mito ya hewa zaidi ya 2,700 iliyotengenezwa kwa utando wa floropolima iitwayo ETFE. Bwawa la kuogelea la michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 lilijengwa kwa utando huohuo. Unapitisha mwanga karibu kama kioo, lakini uzito wake ni kama asilimia moja tu ya kioo.

Viwandani, floropolima huvishwa nyaya za ndege na ndani ya matangi ya asidi. Aina nyingine, PCTFE, hutumika kwenye pakiti za vidonge vinavyoharibika haraka kwa unyevu, jambo lenye maana kubwa kwa nchi za joto. Nayo PVDF hutumika kama gundi ndani ya batri za lithiamu, ikishikanisha unga ambao katika batri nyingi una kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga.

Jua la Fizi halina huruma

Fizi iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita zaidi ya 760 juu ya bahari, na milima ya nyuma ya Baraka inapanda juu zaidi. Mahali pa namna hiyo, jua linapiga karibu wima mwaka mzima. Paneli iliyolazwa juu ya bati inaweza kupita nyuzi 60 za joto mchana. Kisha mvua inakuja, miezi mingi kwa mwaka, pamoja na unyevu wa ziwa. Miale, joto na maji: maadui wote wa poliesta wanakutana juu ya nyumba moja.

Kosa la ngozi ya nyuma haliwapati wanyonge peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, baadhi ya viwanda vikubwa vilitumia ngozi za poliamidi, jamii ya nailoni, ili kupunguza gharama. Baada ya miaka michache tu, ngozi hizo zilianza kupasuka kwenye mashamba makubwa ya sola katika nchi nyingi.

Ngozi ikipasuka, unyevu huingia, viunganishi vya chuma hushika kutu na umeme hupungua. Kwa nyumba yenye paneli moja, hasara ni taa na simu. Kwenye kituo cha afya, chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na friji ikikosa nguvu dozi zinaharibika. Pale paneli nyingi zinapofungwa mfululizo kuendesha pampu ya maji, umeme unaweza kufika volti mia kadhaa, na ngozi iliyopasuka inakuwa hatari kwa fundi anayeigusa wakati wa mvua.

Mnunuzi atazame nini

Kwa macho, ngozi nzuri na mbaya zote ni nyeupe. Kinachosaidia ni karatasi ya maelezo ya paneli. Humo mnunuzi atafute maneno PVF, Tedlar, PVDF au Kynar, na namba za vipimo vya kimataifa IEC 61215 na IEC 61730. Zipo pia poliesta zilizotiwa dawa ambazo zinafaulu vipimo hivyo, na paneli zenye kioo pande zote mbili. Lakini paneli isiyo na jina la kiwanda wala karatasi yoyote haitoi nafasi ya kujua lolote.

Paneli iliyokwisha kutumika huonyesha ugonjwa wake yenyewe. Ngozi ya manjano, mapovu, nyufa, au unga mweupe unaobaki kidoleni ukiipangusa, vyote ni dalili kwamba plastiki imeanza kuchoka.

Matunzo nayo yana uzito. Paneli nyingi hufika Baraka kwa boti au kwa pikipiki, na msumari mmoja wa mzigo jirani unatosha kukwaruza utando huo mwembamba. Juu ya nyumba, paneli iachiwe nafasi ya kama kiganja kati yake na bati ili hewa ipite. Isibebwe kwa kuvutwa nyaya, wala isitobolewe mgongoni.

Ikifa, isichomwe moto. Floropolima ikiungua hutoa gesi zenye sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni inayochoma mapafu. Uimara wa kemikali za jamii hii una upande mwingine pia: baadhi ya zile zilizotumika viwandani kuzitengeneza haziozi, na zimekutwa kwenye maji na damu za watu. Mwaka 2023, nchi tano za Ulaya ziliwasilisha pendekezo la kuzibana katika Umoja wa Ulaya.

Kwa mkaaji wa Baraka, hesabu ya kwanza inabaki ya mfukoni. Chukua mfano wa paneli ya dola 40 inayokufa baada ya miaka 4: inakula dola 10 kila mwaka. Ya dola 70 inayofika miaka 20 inakula dola 3 na nusu. Kabla ya kulipa, mnunuzi aigeuze kwanza.