Mizizi ya miti mjini ipewe nafasi





Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani ilipozinduliwa mwaka 2017, walimu tumeitikia. Shuleni kwetu wanafunzi huotesha miche kwa maji wanayoteka mbali na kubeba kichwani. Kwa hiyo kila mche unaokufa mjini ni jasho la mtoto lililomwagika bure.

Miti mingi ya mjini hupandwa katika kishimo kisichozidi upana wa karai, pande zote saruji na lami, na ardhi imeshindiliwa kwa mtambo. Wengi hudhani mizizi huteremka chini moja kwa moja. Sivyo. Mizizi mingi hukaa katika mita moja ya juu na kutambaa mbali kupita kivuli cha matawi, kwani huko ndiko kwenye hewa na maji. Ikikosa nafasi, mti hudumaa, hufa kiangazi, au huinua vigae vya njia ya miguu. Kisha sisi tunaulaumu na kuukata!

Mji wa Stockholm, Sweden, ulikuwa na tatizo hilo hilo. Wahandisi wake huchimba chini ya njia ya miguu na kujaza mawe yaliyopasuliwa, ya sentimita 10 hadi 15. Udongo husukumwa kwa maji uingie katikati ya mawe. Mawe hubeba uzito wa juu, udongo hulisha mizizi, na maji ya mvua huelekezwa humo. Kila mti hukusudiwa kupata meta za ujazo 15 hivi.

Je, sisi tunashindwa nini? Dodoma mawe ni tele, na wapasuaji wapo. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili tu. Kwa nini maji yote yaishie mtaroni?

Nawaomba wahusika wa mipango miji, kila mchoro wa barabara mpya uonyeshe nafasi ya mizizi kama unavyoonyesha mitaro na nguzo za umeme. Pasipotosha miti ishirini, ipandwe mitano itakayoishi. Udongo uwahi ungali maji. Lami ikishamwagwa, kufukua ni gharama kubwa zaidi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chamwino, Dodoma.