Istilahi za Mtutu: Namna ya Kutaja na Kuchagua Urefu wa Gobori

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo: baruti hutangulia, kisha kizuizi cha nguo au nyuzi, kisha risasi au marisau, na vyote hukazwa kwa mdeki. Silaha ya namna hii si ngeni katika Karagwe. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, wafanyabiashara wa pwani walikwisha kutangulia kwa njia ya Tabora, na kituo chao cha Kafuro hakikuwa mbali na Bweranyange, makao ya mfalme. Pamoja na nguo na shanga, biashara hiyo ya misafara ilieneza bunduki na baruti katika nchi za bara, na msamiati wake ukafuata njia ileile.

Msamiati huo haukupata kupangwa sawasawa. Makala haya yanakusudia kuchambua sehemu moja tu, nayo ni istilahi za mtutu na urefu wake. Msomaji asidhani kwamba ni jambo dogo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliziachia nafasi bunduki za gumegume zisizochongwa mikato ndani ya mtutu. Maelezo ya maneno machache yaliamua silaha ipi ipite bandarini na ipi izuiwe.

Tuchukue mfano. Mzee wa Nyaishozi anamiliki gobori kwa kibali. Kutu imekula mdomo wake, naye analipeleka kwa fundi aliyeidhinishwa ili sehemu iliyoharibika ikatwe. Fundi anamwuliza, “Mzee, nibakize urefu gani?” Mzee anajibu, “Futi tatu, mwanangu.” Yeye anakusudia mtutu peke yake, lakini fundi anapima bunduki nzima pamoja na mti wake wa begani. Mti huo huchukua zaidi ya futi moja. Basi mtutu utakaobaki hautafika futi mbili. Chuma kikishakatwa hakirudi.

Je, urefu upi unafaa? Baruti inapowaka hutoa moshi na hewa yenye nguvu inayosukuma risasi. Nguvu hiyo ni kubwa mwanzoni, nayo hupungua kadiri risasi inavyosogea mbele. Kwa hiyo urefu wa mwanzo huongeza mwendo mwingi, na kila inchi inayofuata huongeza kidogo zaidi kuliko iliyoitangulia. Mtutu mfupi mno huacha baruti ikimalizikia kuwaka nje, na mwako na kishindo huwa karibu na uso wa mpigaji. Tena alama za kulengea shabaha hukaribiana, na kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa mbele. Mtutu mrefu mno nao ni mzito, hunasa vichakani, na humtaabisha mwenye kushindilia, kwani lazima aufikie mdomo akiwa amesimama. Ndiyo sababu hapakuwa na kipimo kimoja. Kampuni ya Hudson’s Bay iliyouza bunduki kama hizi huko Kanada iliagiza mitutu ya futi nne, tatu na nusu, na tatu. Baadaye ikaongeza ya futi mbili na nusu. Mnunuzi alichagua kulingana na kazi yake.

Jambo moja halina hiari. Chuma cha mtutu ni kinene upande wa baruti, na huwa chembamba kuelekea mdomoni. Kwa hiyo hupunguzwa mdomoni, kamwe si upande wa pili. Na bomba la maji halistahili kuitwa mtutu hata likifungwa kwenye mti. Halikufuliwa ili kuhimili baruti, nalo huweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Sasa tuzitazame istilahi. Mtutu na kasiba ni visawe. Kasiba limetokana na Kiarabu, lenye maana ya tete au mwanzi. Tunapendekeza mtutu litumike katika hati na mafunzo, na kasiba libaki katika fasihi. Mdomo wa mtutu hauna mgogoro. Ugumu uko upande wa pili, ambao wengine huuita tako la mtutu. Jina hilo halifai, kwa kuwa linagongana na kitako, yaani ule mti wa begani, na ndipo lilipozaliwa kosa la fundi wetu. Chuma kinachoziba mtutu upande huo na kiitwe kizibo.

Kwa hiyo, urefu wa mtutu ni umbali kutoka mdomo hadi uso wa kizibo. Urefu wa bunduki ni umbali kutoka mdomo hadi mwisho wa kitako. Kina cha mtutu ni umbali ambao mdeki unaingia kabla ya kuzuiliwa.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tutenganishe kina na urefu wakati gobori tupu huvifanya kuwa sawa? Jibu ni kwamba gobori lililosahauliwa na baruti ndani haliwi sawa. Mdeki ukikwama kabla ya kufika kwenye kizibo, kina kimepungukiwa na urefu, na maana yake ndani mna kitu. Gobori lililorithiwa na kukaa darini miaka mingi linaweza kuwa limeshindiliwa na mtu aliyekwisha kufariki. Ajuaye kutofautisha maneno haya mawili hataliweka motoni, wala hatampa mtoto alichezee, atalipeleka polisi.