Mgonjwa Amtia Moyo Mgonjwa

Wazee walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yawafaa sana watu wanaongoja kupasuliwa moyo. Daktari huwaeleza ayajuayo, na jamaa huwafariji kwa mapenzi mengi. Hata hivyo hofu fulani hukaa ndani yao, haitoki, mpaka aje mtu aliyekwisha kulala kitanda kile akaondoka mzima. Juu ya msaada huo twapenda kuzungumza leo na jamaa za Lubumbashi, maana ugonjwa huu umo majumbani mwetu kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita valvu. Kazi yake ni kuiacha damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Katika nchi zetu adui mkubwa wa milango hiyo huanzia kooni. Mtoto aumwa koo kwa sababu ya vijidudu viitwavyo streptokoki, wala hatibiwi. Baada ya wiki mbili au tatu aweza kushikwa na homa, na viungo vyake huvimba, leo goti, kesho kiwiko. Watu husema ni baridi yabisi tu, na kweli viungo hupona. Lakini homa hiyo ikirudi mara kwa mara, milango ya moyo hupata makovu: mmoja hushikamana usifunguke vema, mwingine haufungi tena sawasawa. Miaka hupita kimya. Kisha kijana ashindwa kupanda kilima, au usiku hawezi kulala ila ameegemea mito. Mama mwenye mimba apungukiwa pumzi. Ndipo wengine waanza kumtafuta mchawi.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 juu ya wanafunzi wa mji wa Kinshasa uliona kwamba watoto wapata 14 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa huo. Kila mwalimu ahesabu mwenyewe ni wangapi katika shule yake.

Mlango ulioharibika sana hauponi kwa vidonge. Hauna budi kutengenezwa, au kuondolewa na kuwekwa mwingine, kama madaktari wawezavyo kufanya tangu mwaka 1960. Kwa mtu wa Katuba au Ruashi, kupasuliwa huko mara nyingi ni kusafiri: kwenda Lusaka, ama Dar es Salaam ilipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ama India. Wakongomani wengine walipelekwa Khartoum, Sudan, kwenye Kituo cha Salam, ambacho shirika la Kiitalia liitwalo Emergency lilikifungua mwaka 2007, kikitibu bila malipo. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, njia ya kwenda huko ikawa ngumu sana.

Fikirini basi hali ya binti aliyetoka kwetu akalazwa katika mji wa kigeni, hajui Kiarabu wala Kiingereza, mama yake yuko mbali. Amwona jirani yake wa kitanda, mwanamke wa nchi nyingine na dini nyingine, aliyepasuliwa juma lililopita. Hawana lugha moja. Lakini jirani ashuka kitandani, atembea hatua kumi mbele yake, kisha aonyesha kwa kidole kovu lililo kifuani. Hotuba hiyo yatosha.

Jambo hili lilitambuliwa mapema. Mwaka 1951, katika mji wa Boston, Marekani, wagonjwa wanne waliopasuliwa moyo na Daktari Dwight Harken waliunda chama chao, wakakiita Mended Hearts, yaani Mioyo Iliyotengenezwa. Waliopona waliwatembelea waliokuwa wakingoja zamu yao. Chama hicho kingaliko hata leo.

Je, aliyepona ana nini cha kusema ambacho daktari hanacho? Ana mambo madogo madogo, na hofu hukua katika hayo. Atamwambia mwenzake: Utakapoamka utakuta mpira kooni, hutaweza kusema, usifadhaike, utaondolewa. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto kifuani, kwa maana mfupa wa kidari umekatwa na kuunganishwa. Huenda ukalia siku ya nne bila sababu. Wengi hulia, nayo hupita. Na kama umewekewa mlango wa madini, usiku wa kimya utausikia ukigonga kama saa ya mkononi. Mtu asiyeonywa hushtuka kwa mlio huo. Aliyeonywa husema: Moyo wangu unafanya kazi.

Aseme kweli pia. Wako wasiorudi kutoka chumba cha upasuaji, wala si vema kumficha hilo mtu mzima anayeliuliza. Lakini wako pia waliochelewa nyumbani kwa hofu, mpaka madaktari wakasema sasa haifai tena kupasua. Hao nao yafaa wahesabiwe.

Hata hivyo, mgonjwa mwenzako si daktari wako. Mlango wa madini hudumu sana, lakini mwenye nao hana budi kumeza kila siku, maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini, na kupimwa damu mara kwa mara. Mlango uliotokana na mnyama mara nyingi hauhitaji dawa hiyo maisha yote, lakini huchakaa mapema, hasa kwa vijana. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo msichana anayetazamia kuolewa aulize habari hiyo kabla ya kupasuliwa, na mchumba wake aisikie. Mtu asimpe mwenzake vidonge vyake, wala asichanganye dawa na mitishamba pasipo kumwuliza mganga wa hospitali. Hata chakula kina neno: sombe na lengalenga hupunguza nguvu ya warfarini. Hatusemi ziachwe. Bukari bila mboga si chakula! Ziliwe kwa kipimo kilekile kila juma, ili daktari apime dawa kulingana nazo.

Msaada wa wenzi wafaa hata kabla ya kisu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao ugonjwa ulikuwa ndiyo kwanza waanza moyoni mwao walifuatwa kwa miaka miwili. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila mwezi, na kukutanishwa katika vikundi vya watoto wenzao, wasichoke. Habari yake ilitangazwa mwaka 2022: waliozidi kuumwa walikuwa chini ya 1 katika 100 kati ya waliochomwa, bali kati ya wasiochomwa walikuwa wapata 8. Penisilini ndiyo iliyowakinga. Wenzao waliwasaidia kuivumilia sindano.

Basi, jamaa zetu, hakuna haja ya kungoja chama kikubwa chenye mhuri na ofisi. Watu watatu wenye kovu kifuani watosha kuanza. Mwombeni daktari awapeleke kwa yule anayeogopa, ikiwa mwenyewe akubali. Ketini naye pamoja na mumewe au mkewe, mwelezeni mambo ya safari, ya gharama na ya dawa, bila kujivuna wala kumtisha. Nanyi akina baba na akina mama, msimfiche mgonjwa wenu ndani kama mtu wa aibu. Na mtoto akiumwa koo na homa, mpelekeni kwenye zahanati siku ileile.